Ugonjwa Bado Upo, Lakini Napumua

Niseme mapema: sijapona endometriosisi. Ugonjwa huu bado hauna tiba ya kuumaliza kabisa, na sitaki mtu asome ushuhuda huu kisha aache dawa zake. Kilichobadilika kwangu ni makali ya maumivu. Zamani yalinilaza sakafuni. Siku hizi miezi mingi nayamudu nikiwa dukani.

Yalinianza nikiwa sekondari. Nyumbani walisema ni chango, nikanyweshwa mizizi ya kila namna, na shangazi akaapa kwamba nikizaa litaisha. Nimezaa, halijaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, takriban watu milioni 190, na wengi huchelewa miaka mingi kujua wanaumwa nini. Mimi nilipata jibu kwa laparoskopi. Daktari alipitisha kamera ndogo kitovuni, akaona tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zimeota nje yake, kwenye ovari na nyuma kuelekea utumbo mpana. Nililia kwa furaha kuambiwa naumwa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitwa mdekaji.

Nauza vitenge Kariakoo. Kodi ya fremu, mzigo uliokwama, rejesho la kikoba kila wiki: anayefanya biashara anajua usingizi unavyopaa. Daktari aliniambia niwe naandika siku ninazoumwa, nikawa natia alama nyekundu pembeni ya daftari la mauzo. Kwa kuwa madeni nayo yaliandikwa humohumo, niliona kwa macho yangu alama zinavyojazana kwenye wiki ambazo sikuwa na pesa ya rejesho, hata kama si siku za hedhi.

Nikarudi kwake na daftari. "Daktari, kumbe haya ni mawazo tu?"

"Hapana, mama. Ugonjwa uko tumboni, nimeuona mwenyewe. Ila mwili unaoishi kwa hofu husikia maumivu zaidi."

Akanifafanulia kwamba msongo ukikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kushtuka, usingizi unakatika, na misuli ya nyonga inajikaza bila mwenyewe kujua. Misuli ikikaza inauma. Ikiuma, hofu inaongezeka. Akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Yule dada alinilaza chali, magoti nimeyakunja, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya kitovu. Navuta hewa puani taratibu mpaka mkono wa chini uinuke na wa juu utulie, kisha naitoa kwa mdomo, polepole zaidi ya nilivyoivuta. Kazi ilikuwa kulegeza misuli ile unayoibana ukizuia mkojo. Sikujua kabisa kwamba nimeibana, hata nikiwa nimelala. Akaniambia niibane kwanza kwa makusudi, halafu niiachie, ndipo nikaonja tofauti. Nilipoachia vizuri mara ya kwanza, machozi yalinitoka. Mpaka leo nafanya hivyo kwenye mkeka kabla ya kulala.

Lakini deni halilipwi kwa kupumua, na sikubaliani na wanaomwambia mwanamke "tulia tu" huku mzigo wote uko mgongoni kwake. Kilichonipa ujasiri wa kusema ni kumsikia Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, akiieleza endometriosisi yake hadharani bila kuona haya. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa kikoba, nikamweleza kila kitu.

"Mwanangu, na unakuja kila wiki unatabasamu! Hiki kikundi tulikianzisha kwa ajili gani?"

Wanakikundi wakakubali nipunguziwe rejesho na kuongezewa muda. Mume wangu naye akakaa na mama yake, akamweleza kwamba siku ninazolala mchana si uvivu. Sasa nikizidiwa, yeye ndiye anayefungua duka. Ninavyoona mimi, kuficha ndiko kulikonila zaidi kuliko hata madeni.

Dawa za homoni naendelea nazo. Za maumivu naanza mapema, kabla hayajapanda, kama nilivyoelekezwa. Kuna miezi yanakuja kwa nguvu zilezile, nalala siku nzima, ila sina tena ile hofu ya kusubiri mwezi ujao.

Dada unayesoma, maumivu ya hedhi yanayokuzuia kwenda shule au kazini si ya kuvumilia. Nenda hospitali, na wakikuambia ni mawazo tu, omba upimwe. Ukishapata jibu, mwambie daktari pia kinachokunyima usingizi. Nanyi akina baba, mama wakwe na viongozi wa vikoba: mwanamke akiwaambia anaumwa, mwaminini, kisha mpunguzieni kazi siku hiyohiyo.