Pwani na Ufukwe

Sisi tuliozaliwa kusini mashariki ya Unguja, upande wa Paje, Jambiani na Makunduchi, hatukukua na neno ufukwe midomoni. Tulisema pwani. Na pwani, msomaji wangu, ni mahali panapopwa. Neno lenyewe lina maji ndani yake. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji hujitenga na mchanga mwendo mrefu, hadi kule kwenye mwamba yanakovunjika mawimbi.

Hapo ndipo mgeni anapovunjika moyo. Amesafiri usiku kucha kutoka Italia au Ujerumani, kichwani ana picha ya maji ya buluu yanayolamba miguu ya viti. Anateremka saa nne asubuhi, anakuta tope, majani na wanawake walioinama. Mpwa wangu, apokeaye wageni katika hoteli moja huko, huulizwa kila mara bahari imekwenda wapi. "Imetoka kidogo, bwana," hujibu kwa adabu. "Saa tisa itarudi." Wajuzi wa biashara hii walikwisha kung'amua: Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayatoki mbali, mtu huoga saa yoyote, na hoteli zimebanana huko kama dagaa.

Lakini tope lile si tupu. Ndiko wanawake wanakochokoa pweza na kuokota chaza, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ndiko kulikokuwa na mashamba ya mwani. Marehemu shangazi yangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Alipigilia vijiti, akanyosha kamba, akafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi akavuna na kuanika. Mwani huo husafirishwa ng'ambo kwenda kuzitia uzito aiskrimu na dawa za meno; huenda yule mgeni amekwisha kuupigia mswaki kabla ya kuukanyaga. Kwa fedha hizo shangazi aliezeka nyumba bati bila kumwomba mwanamume hata senti. Jambo hilo lilitikisa kijiji kuliko hoteli yoyote.

Baadaye maji yakazidi joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri ikawa inaoza kambani, ikabaki ile ya bei ya chini. Huko Paje wakaja wale wanaoburutwa na tiara juu ya mbao wakati wa kusi na kaskazi, na kamba za mwani zikawa kero kwao, nao kero kwa wenye kamba.

Kisha ukaja ukuta. Hoteli moja mpya iliziba njia waliyopita wanawake na magunia yao. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na mwekezaji hukodishwa tu. Lakini ukuta hauulizi hati. Gunia la mwani mbichi ni zito, na kulizungusha ukuta mzima juani si mchezo. Shangazi alimwendea msimamizi, kijana wa bara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sidai ufukwe wako. Nadai njia yangu ya pwani."

Sisemi hoteli zivunjwe. Mshahara wa mpwa wangu unasomesha watoto watatu, na mwani wa leo haungeweza. Nasema tu kwamba aliyeuza picha ya bahari iliyojaa ameuza nusu ya siku, na nusu ya pili ina wenyewe.

Wazee walikaa na wenye hoteli mara nne. Njia ikafunguliwa, kando ya ukuta, ya kupita mtu mmoja na gunia lake. Wakikutana wawili, mmoja hurudi nyuma.