Miji miwili iliyoingiwa na maji

Anayetoka Kariakoo kwenda Mabwepande lazima avuke bonde kwanza. Basi la mwendokasi linateremka Jangwani, abiria wa dirishani wanachungulia Mto Msimbazi ukipita chini ya daraja mwembamba na mweusi, halafu gari linapanda Magomeni na watu wanarudi kwenye simu zao. Wakati wa kiangazi ni vigumu kuamini kwamba mto huo, unaoanzia vilima vya Pugu na kuishia baharini karibu na daraja la Selander, unaweza kulikata jiji vipande viwili. Ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa hapohapo, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa bondeni huingiwa na maji kama nyumba nyingine yoyote ya jirani.

Kutoka Magomeni safari ni ndefu: Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju. Bunju msafiri hushuka na kutafuta bodaboda au bajaji ya kuingia ndani, upande wa mbali na bahari. Hapo hewa inabadilika. Kuna miti, kuna viwanja vyenye msingi bila ukuta na ukuta bila bati, kuna mama anayeuza maandazi mbele ya nyumba yenye upenu wa makuti. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Sehemu ya wakazi wa hapa hawakuja kwa kupenda. Waliletwa na maji.

Desemba 2011 taifa lilikuwa limetoka tu kusherehekea miaka 50 ya uhuru. Mapambo ya tarehe 9 yalikuwa hayajashushwa yote ilipofika usiku wa kuamkia tarehe 20 na mvua ikaanza kumwagika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haijawahi kunyesha Dar es Salaam tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Jangwani, Suna, Hananasif, Kigogo na Mchikichini watu walipanda juu ya mabati na watoto mgongoni, wakisubiri mitumbwi. Magodoro yalielea. Maelfu walihamia katika madarasa ya shule zilizokuwa zimefungwa kwa likizo, na shule zilipokaribia kufunguliwa Serikali ikawapimia viwanja Mabwepande. Januari 2012 familia zikaanza maisha mapya ndani ya mahema.

Kilichofuata kinajulikana na kila anayelijua jiji. Kibarua kilibaki Kariakoo, nauli ikawa kubwa kuliko faida ya kibarua. Wapangaji walilalamika kwamba viwanja vimewaendea wenye nyumba. Wapo waliouza kiwanja na kurudi bondeni kabla hema halijachakaa, na wapo waliovumilia, wakajenga chumba kimoja, kisha cha pili, na leo wanaitwa wenyeji. Anayewalaumu waliorudi ajaribu kwanza kuuza mchicha Kariakoo saa kumi na moja alfajiri huku akilala Mabwepande.

Wiki zilezile ambazo familia za Mabwepande zilikuwa zinazoea kulala kwenye turubai, mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa unaadhimisha msiba wake wa mafuriko. Mji huo ni Hamburg, na ni mji rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010, mkataba wa urafiki ulipotiwa saini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, wiki kumi tu baada ya uhuru wa Tanganyika, dhoruba iliyatoa maji Bahari ya Kaskazini na kuyasukuma ndani ya Mto Elbe. Matuta ya udongo yaliyoukinga mji yalipasuka mahali karibu 60. Hamburg peke yake ilipoteza watu 315, na zaidi ya 200 kati yao walikuwa wa Wilhelmsburg, kitongoji kilicho kwenye kisiwa katikati ya mto.

Kwa nini Wilhelmsburg? Jibu lake mtu wa Kigogo halihitaji kuelezwa mara mbili. Huko chini ndiko walikoishi wasio na uwezo. Wengi walikuwa kwenye vibanda vya bustani, vya mbao, ambavyo havikujengwa kuwa makazi ya kudumu, kwa sababu nyumba zao ziliteketea kwa mabomu ya vita miaka karibu 20 nyuma. Na walikuwa wamelala. Bahari iko kilomita kama 100 kutoka Hamburg, hivyo tangazo la hatari liliposomwa wengi walidhani ni habari ya watu wa pwani. Helmut Schmidt, aliyesimamia polisi wa mji na baadaye kuwa Kansela wa Ujerumani, aliita wanajeshi na helikopta bila kusubiri sheria ieleze vizuri kama anaruhusiwa. Wazee wa huko wanamkumbuka kwa usiku ule kuliko kwa mengi aliyoyafanya akiwa Kansela.

Urafiki wa miji mara nyingi ni jambo la mameya: mkataba, picha, chakula cha jioni. Huu wa Hamburg na Dar es Salaam nao una sehemu hiyo. Lakini umebebwa pia na vijana, na hapo ndipo unapozihusu familia. Makanisa ya Kilutheri ya pande mbili yalishakuwa na uhusiano wa siku nyingi. Shule na vyuo vikuu vikafuata. Mwaka 2008 Serikali ya Ujerumani ilianzisha weltwärts, mpango unaowapeleka vijana wake kujitolea nje, kwa kawaida mwaka mzima, na Tanzania ikawa moja ya nchi zinazowapokea. Mwaka 2013 mlango wa upande wa pili ukafunguliwa ili vijana wa huku nao waende kujitolea Ujerumani. Mwaka 2016 ukaja mpango mwingine wa vijana wa Ujerumani na Afrika, ulioichagua Tanzania, pamoja na Benin na Afrika Kusini, kuwa nchi za kuanzia.

Kijana wa kujitolea hapelekwi Masaki. Mara nyingi anapata chumba kwa familia, na familia hizo ziko Mbezi, Tegeta, Mbagala au Kijichi, mahali ambapo maji ya bomba hutoka kwa zamu na umeme hukatika bila taarifa. Wiki ya kwanza ni ya kujifunza kuoga kwa ndoo moja na kula kwa mkono. Wiki ya pili ni ya ugomvi mdogo. Mama mwenye nyumba anataka kujua mtoto huyu, maana kwake ni mtoto tu hata akiwa na miaka 20, amekwenda wapi hadi saa tatu usiku. Naye mgeni anaona anachungwa. Kwao hakuna aliyemuuliza tangu amalize shule. Hajui kwamba mama akishamwita "mwanangu" mbele ya majirani, likimpata jambo mtaa mzima utamuuliza mama huyo.

Kinachowasuluhisha mara nyingi ni salamu. Hamburg wana salamu yao, "Moin", inayofaa asubuhi, mchana na usiku, kwa mkubwa na kwa mdogo. Kijana aliyekulia humo anapofika Mbagala na kuambiwa kwamba bibi wa nyumba ya tatu haamkiwi kwa "mambo", anaona ni mtihani. Halafu siku moja anasema "shikamoo bibi" bila kukumbushwa, bibi anajibu "marahaba mwanangu, hujambo?" na kumvutia kigoda. Tangu siku hiyo mgeni anaanza kuelezwa mambo.

Miongoni mwa mambo hayo ni maji. Temeke nayo ina mito yake, Kizinga na Mzinga, na kwenye nyumba za mabondeni ukuta una mstari wa udongo ambao chokaa haiufuti. Bibi anaonyesha kwa kiganja: hapa mwaka ule, hapa mwaka huu. Kitanda kinapandishwa juu ya matofali; vyeti vya watoto vinakaa ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Mgeni anayetoka Hamburg anaweza kufikiri kwamba haya ni mambo ya Afrika, mpaka mtu amuulize: kwenu je? Ndipo anakumbuka kwamba kwao pia kuna nguzo zilizowekewa alama ya mahali maji yalipofika, na kwamba babu yake alikuwa na hadithi ambayo yeye hakuisikiliza vizuri.

Mazungumzo hayo yana thamani kuliko misaada mingi, na yanafanyika jikoni. Tatizo ni kwamba kwa sehemu kubwa yanafanyika upande mmoja tu. Kijana wa Kijerumani akipata nafasi hukata tiketi. Kijana wa Temeke akipata nafasi huanza safari ya makaratasi: pasi ya kusafiria, bima, barua ya mwaliko, mahojiano ya viza, na ushahidi kwamba atarudi. Wapo wanaokwama hapo wakiwa wameshaaga mtaa mzima. Ndiyo maana idadi ya wanaokuja imekuwa kubwa siku zote kuliko ya wanaokwenda, na anayekwenda ndiye ambaye angefaidika zaidi kuiona Wilhelmsburg.

Akifika, ataona nini? Kwanza ataona tuta. Siku hizi ni refu na pana, lina majani, kondoo wanachungwa juu yake, na watu wanakimbia mazoezi jioni. Ataambiwa kwamba Januari 1976 dhoruba nyingine ilileta maji ya juu kuliko yale ya 1962, na maafa ya 1962 hayakujirudia, kwa sababu katika miaka ile 14 mji ulijenga. Kijana aliyekulia akisikia kwamba mafuriko ni mapenzi ya Mungu na ukaidi wa watu wa mabondeni, hesabu hiyo itamkaa. Maji yalizidi, vifo havikuzidi. Atarudi nyumbani na swali ambalo halipendezi kwenye ofisi za watu.

Ataona pia mambo mengine ambayo rafiki wa kweli hafichi. Meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoihudumia koloni la Wajerumani huku, zilitoka Hamburg. Katika kitongoji cha Jenfeld bado ipo michongo ya askari wa Kiafrika iliyotengenezwa wakati wa utawala wa Hitler kuusifu ukoloni huo, na watu wa mji wamebishana kwa miaka mingi juu ya la kuifanya. Kijana wa Dar es Salaam akisimama mbele yake pamoja na mwenzake wa Hamburg, mazungumzo huwa mazito kuliko ya kwenye karamu ya meya.

Wapo waliopata urafiki wa aina hii bila viza kabisa. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zinazofurika wakiwa na simu na karatasi, wakiwauliza wenyeji mfereji uko wapi, umeziba wapi, maji hufika wapi. Tandale ilikuwa imeshaonjwa mapema, mwaka 2011. Wakati hao wakitembea kwenye matope, watu wa nchi nyingine, wasiojua Tandale iko upande gani, walikaa mbele ya kompyuta zao wakichora nyumba mojamoja kutoka kwenye picha za juu. Kazi ya namna hiyo ilipata nguvu duniani baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, wageni kwa mamia walipochora mitaa ya Port-au-Prince ili waokoaji wapate njia. Nyumba isiyo kwenye ramani haihesabiwi siku ya mafuriko, wala siku ya fidia.

Na fidia ndiyo habari ya bondeni kwa sasa. Mradi mkubwa wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia, umeshawaondoa watu wengi Jangwani. Palipokuwa na vyumba vya kupanga pamebaki kifusi, na mpango ni kuinua daraja, kupanua njia ya mto na kuweka bustani. Kwa mara nyingine familia zinauliza zitakwenda wapi na nauli itakuwa kiasi gani.

Mabwepande, wakati huohuo, imepata jambo lake kutoka kwenye urafiki wa miji. Manispaa ya Kinondoni na Hamburg wamejenga huko kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji. Maganda ya ndizi, kabichi zilizooza na majani ya mahindi hupelekwa hapo kwa malori, yanarundikwa, yanapinduliwa, yanaiva, na kuwa mbolea. Kiwanda kilikusudiwa kupokea hadi tani 50 kwa siku. Taka isiyofika Mabwepande inajulikana inakofika: kwenye mifereji, na kutoka kwenye mifereji hadi Msimbazi, na mvua ya kwanza ya masika huirudisha mlangoni kwa watu.

Mzazi ambaye mwanawe anataka kwenda, mambo ya kuuliza ni machache. Mpango wa kujitolea wa weltwärts kwa upande wa kwenda Ujerumani huchukua vijana kuanzia miaka 18 mpaka ishirini na kitu, na hupitia taasisi inayowapeleka hapa na inayowapokea kule. Taasisi zote mbili zinapaswa kujulikana kwa jina na anwani. Malazi, bima na posho ya matumizi hugharimiwa na mpango, kwa hiyo anayedai mamilioni ya "kushughulikia" aogopwe. Lugha hujifunzwa kabla ya kuondoka na hata baada ya kufika. Koti la baridi linunuliwe hukohuko. Ya mtumba ya Karume hayakushonwa kwa upepo wa Elbe mwezi Februari.