Mwezi Mmoja Unguja, Riwaya Sita na Swali la Bi Mkubwa

Nianze kwa kukiri, msomaji wangu: sikwenda Unguja kusoma riwaya. Nilikwenda kukagua mahesabu ya hoteli moja, kazi ya mwezi mzima, tena mwezi wa Mei, masika bado yanamwagika kama hayana akili nzuri. Wenzangu ofisini walinitania kwamba naenda kula bata. Bata gani jamani, wakati jua lenyewe nililiona kwa kubahatisha? Saa kumi na moja jioni kazi imekwisha, vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa maji, na chumba nilichopanga Mkunazini, orofa ya pili kwa bi mkubwa mmoja mjane, hakina televisheni.

Ndani ya begi nilikuwa na riwaya tatu. Moja ni Mfadhili ya Hussein Tuwa, nikaimaliza siku mbili za kwanza na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. Ya pili, Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972. Ya tatu, Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

Hiyo ya tatu nilikuwa nimeisoma Kidato cha Sita, au niseme niliikariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia dhamira zote: ndoa ya kulazimishwa, ukoloni, ubaguzi, nafasi ya mwanamke, nukta. Alama nilipata. Kitabu sikukisoma.

Sasa hebu kisome ukiwa na miaka thelathini na moja, pete ya uchumba kidoleni, umekaa kwenye baraza la nyumba ileile ya mawe wanayoishi watu wa kwenye kitabu. Yasmin ana miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Shuleni hizo zilikuwa namba tu. Safari hii nilipiga hesabu (ndiyo kazi yangu) nikakuta tofauti ni miaka 37, nikafunga kitabu nikaenda kuoga.

Kilichonishika zaidi ni jinsi mapenzi ya humo yanavyohangaika kutafuta mahali. Yasmin anamkimbia mume, kwao hapati pa kukaa, anayempokea ni shoga yake Mwajuma huko Ng'ambo. Na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa Mwingereza, wanaonana naye kwa sababu kuna mlango wa Mwajuma wa kugonga. Mwajuma hana mali, hana cheo, na watu wa heshima wa mjini wangempita bila salamu. Ana chumba. Siku ya mtihani sikumwandikia hata sentensi moja, nilimweka kwenye "wahusika wengineo". Nimwombe radhi hapa hapa.

Basi Jumamosi mvua ilipokata nikaamua kwenda Ng'ambo kwa miguu. Kwa usiyepajua: Mji Mkongwe zamani ulitengwa na mkono wa bahari, maji yakijaa na kukauka, na upande wa pili ndio ukaitwa Ng'ambo. Upande huu nyumba za mawe za matajiri, Waarabu na Wahindi wengi. Upande ule vibanda vya udongo na makuti, Waswahili na watu waliokuja kutafuta maisha. Mkono ule wa bahari ulifukiwa zamani. Siku hizi ni barabara pana, iliyoitwa Creek Road na sasa Barabara ya Benjamin Mkapa, imejaa daladala na watu wanaotoka Darajani na mafungu ya samaki. Nikasimama nikangoja gari zipite. Nikavuka. Dakika moja, labda na nusu.

Yaani ndiyo hiyo tu? Nilitarajia nini sijui. Mbele yangu magorofa marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, nguo zimeanikwa madirishani. Nikatembea mpaka Kikwajuni, nikanywa juisi ya ukwaju, nikarudi. Lakini njiani nilikuwa nafikiria kwamba msichana wa Kihindi wa miaka ya 1950 akiivuka njia hii na nguo zake mkononi alikuwa hajavuka barabara. Alikuwa amehama ukoo. Filamu ya riwaya hii, ya Amil Shivji, ilioneshwa Toronto mwaka 2021, na nikuambie kitu, mahali pakubwa kuliko pote ndani yake si bahari wala jumba la sultani. Ni vile vyumba vidogo.

Wiki ya pili nikawa sishikiki. Nikaazima Utengano ya Said Ahmed Mohamed kwa mhasibu wa pale hotelini, Mpemba, ambaye aliniambia nisipoirudisha atanifuata Dar kwa ngalawa. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, bwana mkubwa mwenye heshima zake, na siku anapotoka anatoka kama maji yaliyovunja kingo. Niliisoma usiku mbili, mvua inapiga bati la jirani. Kiu nikaimaliza kwa hasira. Idi, kijana mtanashati ambaye mapenzi na mali ya tajiri Mwinyi vimemchanganyikia kichwani, na anayelipa ni Bahati aliyempenda kweli. Akina dada, Idi tunamjua. Siku hizi ana gari la mkopo.

Kwenye ngazi za nyumba kulikuwa na kirafu cha vitabu walivyoacha watalii. Humo nikaokota riwaya moja ya Mills & Boon, zile za Kiingereza za daktari mwenye kidevu cha mraba. Nikaisoma saa tatu nikiwa nacheka. Lakini ikanipa jambo la kufikiri: kule hadithi inaishia kwenye pete. Anavishwa, wanabusiana, kitabu kwisha. Vuta n'kuvute ndoa iko mwanzoni kabisa, na tabu zote zinafuata baada ya hapo. Nikajitazama kidoleni. Mimi na mwenzangu tuko kitabu kipi?

Ngoja niwaeleze. Harusi yetu ilipangwa Desemba. Kamati ipo, mwenyekiti ni mjomba, kundi la WhatsApp lina watu sitini na kitu, kadi za michango zimeshasambazwa, na kuna mabishano ya wiki mbili kuhusu rangi ya vitambaa vya mezani. Mwenzangu yuko benki, Januari alihamishiwa Mbeya. Mimi niko Dar. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 800, na kwa miezi mitano tulikuwa tumezungumzia ukumbi, keki, MC na mpiga picha.

Jioni moja bi mkubwa wangu alinikuta barazani na kitabu. Akakaa, akaniletea kahawa na kashata.

"Kila siku wasoma weye. Vya nini hivyo?"

"Vya mapenzi, bi mkubwa."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na wako yuko wapi?"

Nikamweleza. Mbeya, benki, harusi Desemba. Akasikiliza vizuri, halafu akauliza kama anayeuliza bei ya ndizi:

"Haya. Na mtakaa wapi?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mie niliozwa Pemba," akasema. "Kama ntahamia huku Unguja niliambiwa siku ya safari, jahazi lishapakiwa. Sikuulizwa. Weye umeulizwa?"

Sikuulizwa. Lakini kilichoninyima usingizi usiku ule ni kwamba na mimi sikumuuliza. Yeye alichukulia kwamba nitaacha kazi nimfuate. Mimi nilichukulia kwamba ataomba uhamisho arudi. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake kichwani, ameipanga mpaka mapazia, na mwenzie yumo ndani kama fanicha. Yasmin na Denge walikosa chumba wakakitafuta kwa hatari. Sisi tuna simu mbili mbili, tuna migahawa, tuna wikiendi, hakuna polisi anayetuwinda.

Riwaya ya sita nilijinunulia mwenyewe. Desertion ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2005, iko kwa Kiingereza. Huyu ndiye mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobeli ya fasihi 2021. Humo mna mapenzi mawili: ya mwaka 1899 ya Mwingereza Pearce na Rehana kwenye mji mdogo wa pwani ya Kenya, na ya miaka ya 1950 hapa Unguja, Amin na Jamila, mjukuu wa Rehana. Familia ya Amin ikasema hapana. Amin akatii. Niliisoma polepole, kurasa kumi kwa siku, maana nilikuwa naogopa kufika mwisho. Ndani ya kitabu kile, watu wanaopendana hunyamaza kwa heshima, kwa adabu nzuri kabisa, na kimya hicho kinakaa miaka mingi.

Wiki ya mwisho mwenzangu akaja. Ndege kutoka Mbeya, boti kutoka Dar, masaa mawili ya kutapika, maskini. Nikampeleka Forodhani jioni, mvua imetuachia nafasi, moshi wa mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Tukakaa ukutani miguu inaning'inia juu ya bahari. Nikamwambia, "Tutakaa wapi?"

"Lini? Leo?"

"Baada ya Desemba."

Sitawadanganya kwamba ilikuwa jioni tamu. Kwanza alidhani natania. Kisha akasema alijua najua. Nikamwambia na mimi nilijua anajua. Sauti zikapanda kidogo, muuza urojo akageuka, tukazishusha. Akauliza nani amenijaza maneno. Nikasema Shafi Adam Shafi. Hakucheka.

Tukaondoka pale bila kushikana mikono, tukakatiza vichochoro, tukatokea Darajani, tukavuka barabara kwenda Ng'ambo kwa sababu tu hakuna aliyesema turudi. Karibu na Michenzani ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba Mbeya anaumwa upweke, kwamba hataki nije kule kumwangalia akiwa hivyo, na kwamba kuomba uhamisho anaona haya kwa bosi wake. Nikamwambia mimi naogopa kuitwa mke wa meneja kwenye mji ambao sina hata shoga mmoja wa kumgongea mlango. Tukasimama chini ya taa muda mrefu. Hatukukubaliana kitu.

Jumapili alipanda boti ya mchana. Nilimpa Vuta n'kuvute, na kwenye kundi la kamati nikaandika kwamba malipo ya ukumbi yasubiri kidogo. Mjomba akapiga simu mara nne, sikupokea.

Saa tisa ikaingia meseji, boti iko katikati ya bahari. "Nasoma huku natapika. Huyu Mwajuma tungempata Mbeya ingekuwaje?"

Halafu nyingine: "Usiku nitakupigia. Nitaanza mimi."