Simgok, Bandari Iliyojificha

Alhamdulillah, tulijaaliwa kufika Simgok, kibandari cha wavuvi katika mji wa Gangneung, pwani ya mashariki ya Korea Kusini. Kutoka Seoul ni saa mbili hivi kwa treni ya kasi, kisha gari. Jina lake lina maana ya bonde lenye kina, na kweli kijiji kimebanwa kati ya milima na bahari. Mashua chache, nyavu zimeanikwa, basi.

Kutoka hapo hadi Jeongdongjin kuna njia ya miguu ya karibu kilomita 3, inayopita chini ya majabali. Zamani ilikuwa njia ya doria ya wanajeshi, raia haruhusiwi, mpaka ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2016. Hofu yao haikuwa bure: Septemba 1996 nyambizi ya Korea Kaskazini ilikwama ufukweni mwa Gangneung hiyo hiyo. Kwa maoni yetu, hofu hiyo ndiyo iliyoyasalimisha majabali yale na mahoteli. Uzuri umelindwa na bunduki! Hatukujua tufurahi au tusikitike.

Chakula hakikutusumbua, samaki wa kuchoma kwa chumvi tupu walitosha.

Adhuhuri ikaingia. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini. Kule ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini, hivyo tuliipa bahari mgongo tukaelekea milima. Mzee aliyekuwa akishona wavu karibu yetu alizima redio yake mpaka tukatoa salamu.