Tuliwahesabu Waliokuja, Tukawasahau Wasiokuja

Akina mama wenzetu, tunaandika haya tukijikosoa wenyewe.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kiliandaa semina ya vijana kuhusu dawa za kulevya. Tulipika pilau, tukamwalika kijana aliyeacha heroini atoe ushuhuda. Sisi tulio wauguzi tulionyesha picha za kutisha za vidonda. Vijana walipiga makofi. Katika taarifa tuliandika kwa furaha: "Waliohudhuria ni 140."

Miezi mitatu baadaye mwanachama mwenzetu alimkuta mwanawe na misokoto ya bangi. Kijana yule alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ya semina! Mama alipomuuliza, alijibu: "Mama, yule kaka alivuta miaka kumi, yuko hai na mlimpigia makofi. Mimi rafiki zangu wakinicheka nikikataa, niseme nini? Hilo hamkutufundisha."

Maneno hayo yalituchoma. Tulikaa chini tukajiuliza: Nani alikuja? Watoto wa kwaya. Walioacha shule, wanaoosha magari na kubeba mizigo stendi hawakuwepo, kwani Jumamosi asubuhi wako kazini. Nani alizungumza? Sisi, kwa saa tatu. Vijana walijizoeza nini? Hakuna.

Ndipo tukausoma mwongozo wa kimataifa wa kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, ambao Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani walitoa toleo lake la pili mwaka 2018. Unaeleza kwamba kuhutubia tu, kutisha na kuleta ushuhuda wa waliowahi kutumia ni njia zisizozaa matunda. Kinachosaidia ni vipindi vinavyofuatana, ambamo vijana wanajizoeza kukataa, kuamua na kukabili matatizo. Wazazi nao wafundishwe malezi, mara nyingi kwa vipindi kama 10, na zaidi kwa familia zenye maisha magumu.

Sasa tunakutana Jumanne jioni karibu na stendi, vijana 12 kwa kundi. Wanaigiza: mmoja anashawishi, mwingine anakataa bila ugomvi. Mama au bibi anayemlea kijana ana kipindi chake, na watoto wadogo tunawashika sisi. Hatudai kwamba tumeshinda. Lakini kila tukimaliza tunajiuliza: leo nani hakuja, na kwa nini? Kisha mmoja wetu anakwenda kumtafuta.

Mama mpendwa, kama kanisani kwenu kuna semina ya namna hii, usiulize tu walihudhuria wangapi. Uliza wamejifunza kufanya nini, na nani amebaki nje. Yule mchungaji wa Injili hakuridhika na kondoo tisini na tisa waliokuwa salama. Alitoka kumtafuta mmoja.

Mungu atupe macho ya kuwaona wasiokuja.