Tairi la Nyuma

Jumanne, 17 Juni
Limelala tena. Saa tisa usiku nashika tairi la nyuma la baiskeli, gumba linazama mpaka kwenye rimu. Jana jioni nililiacha gumu kabisa. Nikapiga pampu sebuleni, kwiki kwiki kwiki, mama watoto akanong'ona toka chumbani: "Baba, utamwamsha mtoto." Sasa nikajazie barabarani gizani?

Nimefika kazini unga umeshakandwa. Bosi kanitazama, kaitazama saa, kanyamaza. Bora angefoka.

Alhamisi, 19 Juni
Baada ya zamu nikapitia kwa mzee fundi, pale chini ya mwarobaini. "Mbukwa!" Mbukwa, babu. Hakuuliza hata shida ni nini. Gurudumu hafungui, nyuma kuna mnyororo, madigadi, stendi, ukianza kufungua hiyo asubuhi imekwisha. Anabandua tairi upande mmoja kwa mipini ya vijiko, anavuta tyubu, anapitisha kidole ndani ya tairi, hakuti kitu, anaijaza tyubu upepo, anaizamisha karaini kipande kwa kipande. Maji ya karai lile sijui ni ya lini, meusi tii. Mapovu hayo: madogo, yanafuatana. Pembeni kabisa ya kiraka cha juzi.

Msasa. Solusheni. Hapo ndipo ninapompendea, habandiki kwa pupa. Anapuliza, anapiga soga, anangoja gundi iache kung'aa, ndipo anaweka kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo. Wale vijana wa stendi wanabandika ikiwa mbichi, ukifika nyumbani kiraka kimeshajiachia.

Mia tano. Anasema ninunue tyubu mpya. Tyubu mpya! Mshahara wenyewe uko wapi, tarehe hizi?

Jumapili, 22 Juni
Limelala.

Nikaishuku valvu. Yangu ni ile ya kizamani yenye kimpira chembamba ndani. Kikioza kwa jua, upepo unatoroka kidogo kidogo. Nikaipaka mate mdomoni, nikainama, nikakodoa macho. Povu halikuvimba. Kimpira nikakibadilisha hata hivyo, roho itulie.

Haikutulia.

Jumatatu, 30 Juni
Kizota, usiku wa manane. Pssss.

Hii sasa si ile ya polepole. Malori ya Singida yananimulika, yananipita, giza linarudi zito zaidi. Fundi hakuna, maji hakuna, simu ina chaji kiduchu. Nikavuta tyubu nje, nikajaza, nikaipitisha mbele ya mdomo taratibu. Mdomo wa juu unahisi upepo hata pale sikio lisiposikia kitu. Nikalipata tundu. Kiraka sina. Nikafinya pale pale, nikazungushia ukamba wa mpira, kaza, kaza, fundo. Nikarudisha tairi kwa vidole, kucha moja imekwenda. Nikapanda. Gurudumu likizunguka, dugu. Likizunguka, dugu. Hivyo hivyo mpaka kazini, mbwa wakinisindikiza.

Bosi leo kaongea. Siandiki alichosema.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Watoto wapo nyumbani, na mimi leo zamu yangu ya kupumzika. Mkubwa ananisomea kitabu cha shule kwa sauti, kusudi nisikie: tairi la upepo lilitengenezwa na Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, mwaka 1887, kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Ilikuwa ikimrusharusha mtoto.

Kumbe yote haya yalianza kwa kumdekeza mtoto. Na nina hakika Belfast hawana mbigili.

"Baba, na wewe utengeneze." Nitengeneze nini? "Lisilotoboka."

Jumatano, 16 Julai
Vumbi machoni, vumbi kwenye meno. Kurudi Nkuhungu ni kusukumana na upepo njia nzima. Dodoma nzima imejaa upepo, tairi langu tu ndilo halinao.

Nimechomoa mbigili kwenye tairi la mbele. Hiyo sina ugomvi nayo. Ianguke vyovyote, mwiba mmoja utatazama juu, lakini angalau unaiona, unaing'oa, unaitukana, mnaachana. Hili la nyuma naligombeza bila kujua nagombana na nani.

Jumapili, 20 Julai
Nimempata! Nimempata mshenzi!

Nimefungua gurudumu zima, mnyororo na vyote, nimekaa nalo barazani. Nikatandaza tyubu juu ya tairi, valvu mkabala na ilipokuwa, nikachukua chaki ya mtoto na kuweka alama penye kila kiraka. Nikatazama. Nikatazama tena. Ukiacha viwili vya zamani, viraka vyote vimejikusanya mahali pamoja, shubiri moja kutoka kwenye valvu. Bahati mbaya haina mpangilio namna hiyo.

Nikapitisha kipande cha kanga kuukuu ndani ya tairi. Kikanasa. Nikapapasa kwa kidole: laini. Nikalikunja tairi kwa nje, ikachungulia ncha ya waya, nyembamba kuliko sindano. Nikiachia, inazama kwenye mpira. Yaani inachoma nikiwa juu tu, tairi likibeba uzito wangu. Ndiyo maana kidole cha mzee kilipita hapo kikarudi kitupu.

Ni ya tairi la lori. Yale yakipasuka yanamwaga nyuzi za chuma barabarani, magari yanazisukuma pembeni, na pembeni ndiko tunakopita sisi.

Plaizi sina. Nimeing'oa kwa kibano cha nyusi cha mama watoto. Kanuna. Anune tu leo.

Alhamisi, 24 Julai
Gumu. Saa tisa usiku, gumu! Nimelibonyeza mara mbili mbili. Bosi kanikuta nimeshawasha tanuri, kauliza kama nimelala hapo.

Jumamosi, 2 Agosti
Nilimpelekea mzee ile waya kwenye karatasi. Kaigeuza juani, kaisogeza, kaitenga mbali na macho. "Huyu ndiye aliyekuwa ananilisha," kasema, akacheka mpaka akakohoa. Kaomba abaki nayo, amwonyeshe kijana wake. Nikamwachia.

Ila kalipapasa tairi, akatikisa kichwa. Nyuzi zimeanza kuonekana pembeni. Hapo sikubishana naye. Hela ya tyubu nimeiongezea, nimekwenda kununua tairi. Muuzaji kaanza na elfu ishirini. Nikasema kumi na tano. Akarudisha tairi ukutani. Nikatoka, nikarudi. Tumemalizana kumi na saba na nusu, na vimpira viwili vya valvu juu. Lile la bei rahisi nilikataa. Ukilibonyeza linabonyea kama kandambili.

Wiki ijayo Nanenane. Bosi anataka mikate ifike viwanjani Nzuguni kabla hakujapambazuka, kreti mbili kwenye keria. Nimemwambia kreti moja, au aongeze hela. Anafikiria.