Injini Imechoka: Tuifungue Wenyewe au Tumpe Fundi?



Ndugu msomaji, yako mambo ya nyumbani ambayo kwa nje ni chuma na mafuta, na kwa ndani ni mali, haki na amana. Miongoni mwayo ni hili lililotushughulisha sisi hapa Busia kwa muda wa mwezi mzima. Gari letu dogo, Toyota ya petroli, injini yake ilianza kula oili, nasi tukawa hatuna budi kuamua: tuifungue kwa mikono yetu, tumkabidhi fundi, au tununue injini nyingine iliyokwisha kutumika?

Gari lenyewe si la fahari. Ahali yangu anauza madira, shungi na vitambaa, na bidhaa yake huichukua baina ya Busia na Malaba, miji miwili ya mpakani iliyo karibu karibu. Hapa kwetu ndipo lilipozaliwa jina la boda boda, zama baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Lakini boda boda haichukui marobota matatu ya nguo siku ya mvua, na matatu hutoza mzigo kama abiria. Gari likisimama, biashara ya mama wa nyumba huchechemea.

Jambo la kwanza ni kuujua ugonjwa kabla ya dawa. Moshi una lugha yake: ule mweusi aghalabu ni mafuta yanayozidi kiasi, ule mweupe mzito usiokwisha ni maji yanayoingia mahali pasipostahiki, na ule wa samawati ni oili inayoungua. Wetu ulikuwa wa samawati. Hata hivyo moshi ni dalili tu, si hukumu. Mwanangu wa kiume, anayesomea ufundi wa magari chuoni, aliazima kipimo cha kompresheni, akazitoa plagi na kuipima silinda moja baada ya moja. Injini ya petroli iliyo nzima kwa kawaida hutoa ratili 150 hadi 190 kwa inchi ya mraba, na silinda zake hazitofautiani sana. Kwetu mbili zilikuwa sawa na mbili zimeshuka mno. Akatia oili kidogo ndani ya zile mbili, akapima tena, na kipimo kikapanda. Maana yake ni kwamba upepo ulikuwa ukipita pembeni mwa ringi za pistoni. Lau kipimo kingebaki pale pale, tungezishuku vali au gasketi ya hedi, na huenda kazi ingekuwa ndogo zaidi. Wako watu waliokwisha kuteremsha injini nzima kwa maradhi ambayo yangetibiwa juu juu.

Ugonjwa ulipojulikana, mwanangu alisema, "Baba, tuifungue wenyewe. Tutaokoa ujira wote, nami nitajifunza." Sikuyadharau maneno hayo. Bibi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake nyumbani. Nabii Nuhu alichonga jahazi, na Nabii Daudi alifuma deraya za chuma. Kazi ya mikono si aibu kwa Muislamu, na kijana anayetaka kujifunza anastahiki kutiwa moyo.

Jirani mmoja akashauri injini ya mtumba kutoka Kampala, kwenye soko la Kisekka ambako spea ni tele. Shauri hilo nalo lina milango yake. Injini iliyotoka Japani haiwi mali ya Afrika Mashariki kwa kupita Kampala, hivyo ikivuka mpaka ina ushuru wake, na kuipitisha njia za panya ni magendo hata kama kila mtu anafanya. Kisha namba ya injini imeandikwa katika daftari la umiliki wa gari, na ikibadilika ni wajibu kuisajili upya NTSA. Asiyeweza kuonyesha risiti ya injini yake atajuaje kwamba haikuibwa? Juu ya hayo, injini ya mtumba ni paka ndani ya gunia, hujui iliyoyapitia.

Mafundi hodari hapa hawakosekani. Malaba ni mlango wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda na ng'ambo yake, na palipo na malori pana gereji. Lakini umahiri wa injini kubwa ya dizeli si lazima uwe umahiri wa injini ndogo ya petroli, kwani vipimo vyake ni vingine. Tukampata mmoja aliyezoea magari madogo, akataja ujira wake, na juu yake gharama ya spea na ya kuchonga silinda.

Sasa fedha. Mimi sikuwa nazo zote. Mwenye nazo alikuwa ahali yangu, katika akiba aliyoiweka kidogo kidogo kutokana na biashara yake. Alitusikiliza mimi na mwanangu tukijadiliana ringi na pistoni, kisha akauliza swali moja: "Na mkiiharibu, nani atanilipa?"

Dada zangu, swali hilo lilikuwa na uzito kuliko kipimo cha kompresheni. Mali ya mke ni yake. Chakula, mavazi na makazi yako juu ya mume, na mke akitoa chake kwa ridhaa hiyo ni hisani yake, si deni analodaiwa. Basi anayetia mali yake katika hatari ndiye mwenye haki ya kuuliza dhamana iko wapi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa alichokiharibu, na wanazuoni wamezipima kazi nyingine kwa hukumu hiyo. Ama fundi anayejulikana kwa kazi yake, wapo waliomtoza dhamana ili kulinda mali za watu, kama Wamaliki. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana: hatozwi ila akizembea au akivuka alichoagizwa. Kwa hiyo kama mwanangu angekosea, mama yake angemdai mwanawe, na mama gani humdai mwanawe hadi mwisho? Na kama fundi angekosea bila mapatano kuandikwa, uzembe wake ungejulikana kwa kipimo gani?

Tulikaa tukashauriana, na kazi tukaigawa kwa kadiri ya elimu ya kila mtu. Kutoa injini, kuifungua, kuosha kila kipande na kukipa alama kilikotoka, hiyo ilikuwa kazi ya mwanangu nami, chini ya jicho la fundi. Bloki ilipelekwa Kisumu kupimwa na kuchongwa kwa mashine, kwa sababu jicho na kidole havioni tofauti ya sehemu ya mia ya milimita, na pistoni za saizi ya juu hazikununuliwa ila baada ya vipimo kurudi. Kuunganisha sehemu ya chini, yaani krenki, beringi na pistoni, tulimwachia fundi peke yake. Hedi ilikazwa na mwanangu kwa spana ya kupimia mkazo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, huku fundi amesimama pembeni. Mapatano yakaandikwa: kazi ipi, ujira kiasi gani, spea zipi, na kwamba vipande vya zamani turudishiwe.

Ama fedha za ahali yangu, sikuzichukua kama zawadi. Niliziandika kuwa kardhi, kwa tarehe na kiasi, mbele ya mashahidi. Baadhi ya jamaa walicheka kwamba mume anaandikiana na mkewe. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na haikuwatoa wanandoa.

Ujira tuliookoa haukuwa mwingi kama alivyodhani mwanangu. Kuchonga silinda na spea ndizo zilizokula sehemu kubwa. Lakini kijana amejua ndani ya injini mna nini, na amejua mpaka wa ujuzi wake. Ninapoandika haya gari limekwenda kilomita 700, bado tunaliendesha kwa upole hadi 1,000 zitimie na oili ibadilishwe. Moshi wa samawati umekoma. Deni nimekwisha kulilipa mafungu mawili, yamebaki manne, na daftari linakaa kwa mwenye mali.

Wallahu aalam.